Robo ya Uani

Bi Saadiya binti Sheikhan alikuwa mtu mzima, mvi zimeshamwingia, na mikono yake ilikuwa haijawahi kugusa udongo ila ule wa kusugulia masufuria. Si kwa kiburi. Udongo haukuwapo tu. Alizaliwa nyuma ya duka la baba yake, Mtaa wa Msimbazi; akaolewa akaenda kukaa nyuma ya duka la mumewe, mtaa huohuo; na nyuma ya maduka yote mawili palikuwa na sakafu ya saruji, mfereji wa maji machafu, na kipande cha mbingu. Mboga kwake ilikuwa kitu kinachokuja kutoka sokoni Kariakoo ndani ya kikapu, kimefungwa kwa ukindu. Ungemuuliza mchicha unatoka wapi, angekwambia unatoka kwa mama muuza mchicha.

Mumewe, Hamud, muuza kahawa na tende, aliiwaza nyumba yake mwenyewe kwa miaka. Mwishowe akaipata upande wa Gerezani, karibu na karakana za reli: vyumba pande mbili, ukumbi katikati, na nyuma yake ua mpana uliozungushiwa mabati. Ua wa udongo mtupu. Siku ya kuhamia alisimama uani, mikono kiunoni, akasema, "Usijali, mke wangu. Hapa namwaga saruji ukuta hadi ukuta. Hutakanyaga vumbi." Mifuko ya saruji ikaletwa, ikapangwa chini ya upenu. Kabla fundi hajafika, Hamud aliinama dukani kuinua gunia la kahawa, na hakuinuka tena.

Mvua za mwisho za masika zilipenya upenuni zikailowesha ile mifuko. Saruji ikaganda ndani ya karatasi zake, ikawa mawe yenye umbo la mito ya kulalia.

Bi Saadiya akakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, hatii wanja, hagusi manukato, wala haonekani na mwanamume anayeweza kumuoa. Baada ya hitima, shemeji yake Sadalla, mdogo wake Hamud, aliyefika kutoka Tanga, alizungumza naye akiwa upande wa pili wa pazia.

"Shemeji, ukitoka eda tutakuja kukuchukua. Utakaa Tanga kwa dada Zeina. Nyumba tutaiuza, kila mrithi apate haki yake. Huna mtoto. Ubaki hapa peke yako, ufanye nini?"

Sadalla akarudi Tanga, lakini swali lake likabaki ndani ya nyumba. Bi Saadiya alilikuta jikoni, alilikuta ukumbini. Ufanye nini?

Chumba cha mbele Hamud alikuwa amempangisha fundi mmoja wa reli. Mke wa fundi huyo aliitwa Hyasinta, Mluguru wa milimani, mcheshi, mwenye sauti ya kuitana bondeni. Asubuhi moja alikuja uani na jembe begani.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Jembe la nini tena? Unakwenda vitani?"

"Bi mkubwa, ua huu umelala tu kama mume mlevi. Niruhusu niuamshe. Nipande hata mchicha."

Bi Saadiya alikaa juu ya mfuko mmoja wa saruji iliyoganda, akatazama. Hyasinta alilima kama kwao wanavyolima: matuta marefu yaliyoinuka, yenye migongo kama ya ng'ombe waliolala. Katikati ya kazi Bi Saadiya akasikia mikono inamuwasha. Akaingia jikoni, akatoka na kopo la viungo, akachota giligilani, akaja kuzipanda mwenyewe kwa kidole, punje moja moja, huku ananong'ona bismillahi.

Mchicha wa Hyasinta ulitoka, ukasimama kidogo, kisha jua likaunywa. Giligilani za Bi Saadiya hazikutoka kabisa. Kila asubuhi alikwenda kuinamia tuta lake kama mtu anayesikiliza mlango.

"Bi mkubwa," Hyasinta akamuuliza mwishowe, "hizo mbegu ulizitoa wapi?"

"Kwenye kopo langu la bizari."

"Na koponi unaziwekaje?"

"Nazikaanga kwanza, zipate harufu."

Hyasinta alilitupa jembe, akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Umezikaanga! Bi mkubwa, umezika maiti, halafu unakaa kusubiri waamke!"

Neno hilo lilipokwisha kutoka, Hyasinta alishika mdomo, akakumbuka anazungumza na nani. Lakini Bi Saadiya naye alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka tangu Hamud aondoke, na kicheko kilimtoka kwa mikwaruzo, kama mlango wa chumba kilichofungwa siku nyingi.

"Na wewe je, mkulima? Mchicha wako umekwenda wapi?"

"Sijui," Hyasinta akakiri. Alichota udongo, ukamchuruzika vidoleni. "Huu si udongo, ni sukari. Kwetu ukiinua tuta, mvua inakaa ndani. Hapa ukiinua, unakauka kama samaki wa kuanika. Nami hapa ni mgeni, Bi mkubwa. Sijui."

Basi wakawa wawili wasiojua, na ua ukakaa na matuta yake matupu.

Maji nayo yalikuwa shida. Kisima cha uani kilikuwa na maji ya chumvi. Yalifaa kufulia tu. Maji matamu yaliletwa na mchota maji kwa madebe, na Bi Saadiya aliyatumia kwa kunywa, kupikia na kutawadhia. Tangu ahamie alikuwa akitawadha kwenye ngazi ya mlango wa uani, kopo mkononi. Maji yaliyoteleza usoni, mikononi na miguuni yalidondoka chini ya ngazi, na hapo, kwa kudondokewa kila sala, ardhi ilikuwa imebonyea kama kiganja.

Asubuhi moja alipoinama kuosha mguu wa kushoto, aliona kitu ndani ya kile kibonyeo. Kijani. Kidogo kiasi kwamba alidhani ni uzi umedondoka kwenye kanga. Akachuchumaa. Ulikuwa mche, shingo nyembamba yenye malaika, vinyweleo laini kama vya shavu la mtoto, umeinama kidogo, na kichwani umebeba ganda la mbegu iliyoutoa, kama mtoto aliyevaa kofia ya babu yake. Labda ilikuwa mbegu ya nyanya iliyotoka kwenye maji ya jikoni. Hakuna aliyeipanda. Hakuna aliyeiambia itoke.

"Subhanallah," akasema Bi Saadiya, taratibu, asije akaushtua.

Alikaa pale ngazini. Jua lilipopanda, aliuona mche ukinyanyua shingo. Hakuuona ukienda, alitazama, ukawa umeinama, akatazama tena, ukawa umenyooka. Lile ganda likaachia upande mmoja, likaning'inia, likaanguka. Majani mawili yakafunguka kama mikono inayoomba dua. Chungu cha maharage kilimuungulia jikoni, harufu ikafika mpaka chumbani kwa Hyasinta, naye akaja mbio akidhani kuna moto.

"Bi mkubwa, unaunguza nyumba!"

"Kaa hapa," akasema Bi Saadiya bila kugeuka. "Utazame. Huyu hakuwapo jana."

Hyasinta alikuwa amekua pamoja na mimea tangu utoto, hakuona ajabu. Lakini alikaa. Na kwa kuwa alikaa, na kwa kuwa yule mwanamke mtu mzima alikuwa hapepesi macho, Hyasinta naye akauona mche kana kwamba ni mara yake ya kwanza.

"Sisi tuliinua," Bi Saadiya akasema baadaye. "Hapa pameinama. Pengine udongo huu hautaki kuinuliwa. Unataka kukinga."

Wakaanza upya. Mahali pa matuta wakachimba vijaruba, yaani vitanda vya chini, kila kimoja kimezama kimo cha kiganja na kuzungushiwa ukingo mdogo, maji yakiingia yasipate njia ya kutoka. Bi Saadiya alilishika jembe mwenyewe. Alifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akachimba vibaya, kishujaa, akajigonga kidole cha mguu, akaota malengelenge, akayaonyesha malengelenge yake kwa Hyasinta kama bangili mpya.

Chini ya mchanga mweupe walikuta tabaka jeusi. Udongo laini, wenye mkaa uliosagika. Na ndani yake vitu vikaanza kutoka: kipande cha chungu, bizimu ya mkanda iliyoliwa na kutu, kiatu cha chuma cha nyumbu, kijiko kilichopinda, kisha kopo la bati la kunywea, limebonyezwa upande kama lilikanyagwa.

Bi Saadiya alilifuta kopo kwa upindo wa kanga. Alipokuwa mtoto baba yake alimsimulia kwamba sehemu hizi zote zilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, vita vya Mjerumani, na kwamba ndiyo kambi iliyoupa mtaa jina la Kariakoo. Watu waliobeba mizigo ya vita vichwani, wengi wasirudi makwao. Aliyasikia kama hadithi, akayasahau. Sasa alikuwa amepiga magoti juu ya meko yao. Weusi ule wa udongo ulikuwa majivu ya moto wao. Hapa mtu alichutama amechoka, akapuliza kuni, akakoroga uji, akanywa kwa kopo hili. Na majivu yake yakakaa hapa kimya, masika baada ya masika, yakimngoja nani?

"Hyasinta," akasema, "hawa watu wametupikia udongo."

Hyasinta akajifanyia ishara ya msalaba. Bi Saadiya akasoma Fatiha. Kisha wakapanda.

Vijaruba vilikuwa vitano, na sababu ilikuwa maji. Maji matamu hayakutosha kumwagilia bustani, ila Bi Saadiya alikuwa ameshaona kilichouotesha mnyanya wa ngazini. Akawa haendi tena kwenye ngazi. Alfajiri alichutama ukingoni mwa kijaruba cha kwanza, akatawadha hapo. Adhuhuri akahamia cha pili. Laasiri cha tatu. Magharibi cha nne. Isha cha tano. Kila tone lililomsafisha liliingia ardhini. Hyasinta, kwa kupenda mzaha, akavipa vitanda majina ya sala, na majina yakashika.

"Bi mkubwa, Adhuhuri kaingiwa na wadudu!"

"Mpulizie majivu. Na Alfajiri je?"

"Alfajiri anajidai, mchicha umenifika magotini. Leo tule Alfajiri, kesho Laasiri."

"Astaghfirullah, wewe mwanamke, maneno yako!" Na Bi Saadiya akageuza uso asionekane anavyotabasamu.

Kosa lilifanyika kwenye Magharibi. Hyasinta alipewa sokoni vijiti vya mrihani, akavichomeka pembeni mwa kijaruba hicho amfurahishe mwenye nyumba. Hakujua kwamba mjane wa eda hajitii harufu. Bi Saadiya alikuja kuuona umeshashika, umetoa majani. Kuung'oa hakuweza, alikuwa ameshaona jinsi kitu kinavyohangaika kutoka. Akamwambia Hyasinta aishughulikie yeye pembe ile, naye akawa anatawadha ukingo wa pili, na akipita hapo alibana pumzi na kuikaza kanga puani.

Lakini mrihani haujui eda. Uliota kichaka. Jioni upepo ukivuma kutoka upande wa Jangwani ulisomba harufu yake, ukaipitisha ukumbini hadi barazani, na wapita njia wakageuza shingo. Nyumba ya mjane inanukia mrihani! Maneno yakapanda basi, yakafika Tanga kabla ya mwezi kuisha.

Mchana mmoja hodi ikapigwa. Alikuwa wifi yake, Zeina, dada yao Hamud na Sadalla, amefura toka mlangoni. Sadalla mwenyewe alibaki ukumbini, nyuma ya pazia.

"Wifi yangu!" Zeina hakungoja kukaa. "Kaka yangu hajapoa kaburini, wewe ushanukia bibi harusi! Hebu njoo hapa." Akamnusa kanga. Akamnusa kichwa. Akainua mto wa kitanda, akaunusa. "Harufu ipo. Lakini haiko kwako. Iko wapi?"

"Iko uani, wifi."

Zeina akafungua mlango wa uani, akatoka. Sadalla akakohoa nyuma ya pazia.

"Dada? Umeona nini huko?"

"Mrihani!" Zeina akaita. "Umeota!"

"Umeota wapi?"

"Ardhini! Ulitaka uote wapi, kichwani?"

Hyasinta akajitokeza, mikono kifuani. "Ni mimi, mama. Nilipanda mimi. Sikujua ni kosa."

"Basi ung'olewe," akasema Sadalla.

"Usiung'oe, wifi." Ilikuwa mara ya kwanza Bi Saadiya kupaza sauti tangu msiba. "Sijaugusa. Wallahi nikipita hapo nabana pumzi mpaka naona nyota."

Zeina akamtazama, akautazama mrihani, na ule ukali aliopanda nao basi toka Tanga ukamwishia mkononi. Akachuchumaa. Akachuma kishada, akakichomeka kwenye nywele zake chini ya buibui. "Mimi sina eda," akasema, na Hyasinta akaangua kicheko.

Sadalla hakucheka. "Shemeji," akasema kwa upole uliouma kuliko ukali, "nashukuru ni uzushi. Lakini usijitie moyo na majani. Mchicha uko hata Tanga. Mnunuzi ameshapatikana. Anataka ua huu autie saruji awekee magari ya mizigo. Siku yako ya kutoka eda, tunakuja."

Walipoondoka, Bi Saadiya alikaa juu ya mfuko wake wa saruji. Alielewa sasa kitu ambacho yeye hakukielewa wakati Hamud alipokuwa hai na kuahidi kumwaga saruji ukuta hadi ukuta kwa mapenzi. Saruji ingekuja, ingelala juu ya Alfajiri na Adhuhuri, juu ya majivu ya wapagazi, na chini yake mbegu zingebaki zimefumba macho, zisiambiwe kitu. Akaokota kopo lao lililobonyea, akalijaza maji, akaenda kutawadha. Ilikuwa laasiri.

Siku ya kutoka eda Zeina alimwogesha, akamfusha udi, akamvalisha kanga mpya. Kisha Bi Saadiya akatoka uani mwenyewe, akaiendea pembe ya Magharibi, akainama juu ya mrihani na kuvuta pumzi ambayo alikuwa ameizuia siku zote zile. Aliivuta mpaka mabega yakapanda. Machozi yakamtiririka, na hakuyafuta, yalidondoka yanakotakiwa.

Kwa mara ya kwanza Sadalla akaingia uani. Alikuwa mtu wa viatu vilivyong'arishwa. Alisimama kwenye ngazi, akaona vitanda vitano vimezama ardhini kama vyumba visivyo na paa, kila kimoja na watu wake: mchicha, bamia, pilipili, giligilani mbichi ambazo safari hii hazikukaangwa, na mrihani; na miguuni pake mnyanya wa ngazini umeegemea kijiti, mwekundu mpaka juu.

"Shemeji," akasema Bi Saadiya, "sheria inanipa robo, kwa kuwa Hamud hakuacha mtoto. Naomba robo yangu unipe huku nyuma. Chumba kimoja cha nyuma, na ua. Mbele kote chukueni, uzeni."

"Huku?" Sadalla akageuka huku na huku. "Huku ni mchanga, shemeji! Thamani iko mbele, barabarani. Watu watasema nimemdhulumu mjane wa kaka yangu, nimempa vumbi."

"Inama."

"Nini?"

"Inama kidogo, baba. Hapa."

Sadalla akakusanya kanzu yake, akainama. Kwenye ukingo wa kijaruba, kunde zilizopandwa juzi zilikuwa zinatoka. Mche mmoja ulikuwa bado umekunja shingo, mgongo umetangulia, unainua juu yake kipande cha ardhi kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Kipande kilikuwa kimepasuka, kimenyanyuka kama kifuniko cha chungu. Na walipokuwa wanatazama, chembe moja ya udongo iliteleza, ikaanguka.

Sadalla akasogeza uso karibu zaidi. Zeina naye akainama pembeni yake.

"Uliniuliza nibaki hapa nifanye nini," akasema Bi Saadiya. "Sikuwa najua. Natazama hiki."

Kutoka msikiti wa mtaa wa pili adhana ya magharibi ikapanda. Sadalla akainuka, akajipangusa magoti, akamgeukia dada yake. "Mnunuzi nitamwambia nini, Zeina?"

"Mwambie ua una mwenyewe."

Sadalla akavua viatu, akaviacha ngazini. Akachukua kopo la bati lililobonyea, akachota maji debeni, akaelekea kwenye mfereji ulioko karibu na ukuta, kama alivyozoea kila nyumba.

"Siyo huko, shemeji," akasema Bi Saadiya. "Huyu hapa ndiye Magharibi."

Akasita. Kisha akarudi, akachutama ukingoni, miguu mitupu kwenye udongo mweusi, akakunja mikono ya kanzu. Akaosha viganja, akasukutua, akaosha uso. Maji yalimteremka viwikoni, yakaanguka kati ya mashina ya mrihani, yakatuama kidogo yakiwa na mbingu ndani yake. Halafu ardhi ikayanywa, na Sadalla akabaki ameinama, kopo mkononi, akitazama mahali yalipopotelea.